Bibi anayemwita mwenzake mwizi: dhana na ukweli katika makao ya wazee

Dhana: Anayemtuhumu jirani wa kitanda ni mgomvi wa asili.
Ukweli: Mara nyingi ni ugonjwa wa kusahau. Kafunga hela kwenye pindo la khanga, kasahau kwamba alizifunga. Anachojua ni kwamba hazipo, na aliye karibu ni jirani. Usibishane naye. Sema, "Pole bibi, tuzitafute wote." Anzeni na maficho yake ya kila siku: chini ya godoro, ndani ya soksi, kwenye foronya. Mkono wake ndio uzitoe. Ukizitoa wewe, umekuwa mwizi wa pili.

Kisha mfuate aliyetuhumiwa, mweleze pembeni. Hapa ndipo wahudumu wengi hupasahau: jioni mtuhumu ameshasahau, lakini aliyeitwa mwizi mbele ya watu hasahau. Urafiki hufia upande wake.

Dhana: Anaringa. Tunamsalimia kwa Kiswahili, anajibu kwa Kihehe.
Ukweli: Ugonjwa wa kusahau ukikomaa, lugha aliyojifunza ukubwani mara nyingi hutangulia kupotea. Msalimie "Kamwene" uone uso wake. Mezani mkalishe na Mhehe mwenzake, au Mbena, watasikilizana.

Dhana: Kujitenga ni uzee tu, na baridi ya Juni.
Ukweli: Baridi ya Makete, mkoani Njombe, humsogeza mtu kwenye moto walipo wenzake. Mwenye sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, habanduki kitandani hata jua likiwaka. Kama kwa wiki 2 au zaidi hali chakula vizuri, anaamka alfajiri mno na bao hataki hata kuliona, apimwe. Dawa za sonona huchukua wiki kadhaa kuonyesha nafuu. Wengi huziacha wiki ya kwanza. (Mpimeni na masikio. Asiyesikia naye hukimbia maongezi.)

Dhana: Ukila sahani moja na mwenye sonona au ugonjwa wa kusahau, utaambukizwa.
Ukweli: Magonjwa hayo hayaambukizi. Wala kifafa hakiambukizi.

Dhana: Jana alikuwa mzima, leo anaweweseka, karogwa.
Ukweli: Mkanganyiko wa ghafla kwa mzee mara nyingi hutoka mwilini: maambukizi ya mkojo, nimonia, kukosa maji, choo kufunga, au dawa mpya, amitriptilini (dawa ya sonona) ikiwemo. Hospitali siku hiyohiyo, na dawa zake zote mkononi. Akirudi, akute kitanda chake palepale na jirani yuleyule. Chumba kigeni humchanganya upya.