Nyota pacha zinazofunikana: orodha yako si anga

Kila nikisoma kazi za wanaoanza takwimu za nyota pacha, yaani nyota mbili zinazozungukana, nakutana na sentensi ileile: "Nyota pacha nyingi huzungukana kwa siku chache tu, kama mchoro wa vipindi (muda wa mzunguko mmoja) unavyoonyesha." Imenichosha.

Dhana: Tulizoziorodhesha ndizo zilizopo

Hata kidogo. Orodha yako imejazwa na zinazofunikana: moja hupita mbele ya nyingine na mwanga unapungua. Nyota pacha hufunikana mbele yetu pale tu obiti yao inapolala karibu sambamba na mstari wa macho yetu. Kwa obiti ya duara, uwezekano huo ni jumla ya nusukipenyo za nyota zote mbili, gawanya kwa umbali kati yake. Piga hesabu mwenyewe. Chukua mbili zinazofanana na Jua. Zikizungukana kwa siku 3, zimeachana takriban nusukipenyo 11 za Jua: 2 kwa 11, yaani asilimia 18. Zipe siku 1,000, umbali unafika kama 530 na uwezekano unaporomoka chini ya asilimia 0.4. Kwa hiyo hata kama angani zingekuwa sawa kwa idadi, za siku 3 zingekuja kwako karibu mara 50 zaidi.

Na hapo sijagusa muda wa kutazama. TESS, darubini ya angani ya NASA, hukaa kwenye kipande kimoja cha anga siku 27 hivi, kisha inahama. Nyota pacha ya Epsilon Aurigae hupatwa mara moja kila miaka 27!

Tafiti zinazounganisha mbinu zote za kutafuta wenza zinaonyesha kuwa kwa nyota za aina ya Jua, kilele cha vipindi kiko karibu miaka 300. Basi buni kundi la nyota pacha kutokana na nadharia, lipitishe kwenye chujio la mwinamo wa obiti, la muda wa kutazama na la makosa ya vipimo, ndipo ulinganishe kilichobaki na orodha yako. Bila hatua hiyo mimi sisomi hitimisho.

Dhana: Mwanga hupungua zaidi nyota kubwa inapofunikwa

Ni ile yenye joto zaidi. Katika obiti ya duara eneo linalofunikwa ni lilelile mara zote mbili. Kinachotofautiana ni mng'ao wa uso. Nyota pacha ya Algol inaposhuka kutoka daraja la mng'ao la 2.1 hadi 3.4 (namba kubwa ni mwanga hafifu), inayofunikwa ndiyo yenye kipenyo kidogo.

Dhana: Mchoro wa mwanga (mng'ao kadiri muda unavyopita) unatosha kutoa tungamo za nyota

Hautoshi. Pima kasi za nyota zote mbili kwenye spektra, yaani mwanga wake uliotawanywa kwa rangi.

Dhana: Kipindi kilichotolewa na programu ni sahihi

Nyota zinazogusana hupatwa mara mbili kwa mzunguko, na mabonde yake kwenye mchoro wa mwanga hufanana mno, hivyo programu hukurudishia nusu ya kipindi. Kunja data, yaani panga mizunguko yote juu ya mmoja, kwa mara mbili ya kipindi ulichopewa. Mabonde yakitofautiana kina, hata kidogo, kipindi kile kirefu ndicho chenyewe. Ukiacha nusu hizo zilivyo, unazidi kuusukuma mchoro wako wa vipindi upande wa vipindi vifupi, ambako tayari umejaa kupita kiasi.