Imani na siasa Kenya: tunayoambiwa na yaliyotokea

Nikitaja haki katika kikao cha sala, hakosi mtu wa kukohoa. Nikitaja sala katika kikao cha wanaharakati, hakosi wa kuinamia simu yake. Nimekaa pande zote mbili miaka mingi, na inaniuma kuona watu wema wakitenganishwa na maneno yasiyo na mizizi. Nitayachukua maneno hayo kama yanavyosemwa mitaani, niyaweke kando ya mambo yaliyotokea hapa kwetu.

“Dini na siasa ni maji na mafuta”

Tarehe 28 Februari 1992, akina mama kadhaa, wengi wao wazee, walikwenda Uhuru Park jijini Nairobi, wakaketi kwenye pembe iliyokuja kuitwa Freedom Corner, wakagoma kula. Wana wao walikuwa jela kwa sababu za kisiasa. Miongoni mwao alikuwamo Monica Wangu Wamwere, mamake Koigi wa Wamwere, mwanasiasa mpinzani aliyekuwa jela, na Wangari Maathai, mwanaharakati wa mazingira, aliketi pamoja nao. Hawakubeba silaha. Waliimba nyimbo za kanisani na kutaja majina ya wana wao kwa kila aliyesimama kusikiliza.

Tarehe 3 Machi polisi walifika na virungu na vitoa machozi. Maathai alipigwa akazirai. Ndipo baadhi ya wale akina mama wakavua nguo mbele ya askari. Aliyelelewa katika jamii zetu hahitaji kufafanuliwa maana ya mama wa makamo yale kumwonyesha kijana uchi wake. Ni laana, na laana ni jambo la kiroho. Polisi waliofika kutawanya mkutano wa kisiasa walijikuta mbele ya kitu ambacho hakuna amri ya mkubwa wao ingeweza kuwakinga nacho.

Walirudishwa makwao kwa nguvu. Wakafunga safari tena. Bustani ilikuwa imezingirwa, basi wakaenda jirani tu, kwenye kanisa kuu la Kianglikana la All Saints, na mkuu wa kanisa hilo, Peter Njenga, akawafungulia. Walilala katika chumba kilicho chini ya kanisa. Walidhani ni kwa siku chache. Wakakaa karibu mwaka mzima. Mapema 1993, karibu wafungwa wote waliokuwa wakipiganiwa waliachiliwa, Koigi akiwa mmoja wao.

Sasa, hapo dini iliishia wapi na siasa ikaanzia wapi? Mimi sioni mpaka. Kumfungulia mlango mtu anayesakwa na serikali ni tendo la kisiasa, na aliyeufungua alikuwa mchungaji akifanya uchungaji wake. Kanisa lilelile lilivamiwa na polisi tarehe 7 Julai 1997, siku ya Saba Saba, kwa sababu waliodai mabadiliko ya katiba walikuwa wamekimbilia ndani. Mchungaji Timothy Njoya wa Presbiteri alikuwa kati ya waliopigwa humo.

Huyu Njoya ndiye aliyehubiri siku ya mwaka mpya 1990, katika kanisa la St Andrew's, Nairobi, akiutazama ukuta wa chama kimoja ukianguka Ulaya Mashariki na kuuliza mbona wa hapa usianguke. Askofu Henry Okullu wa Kianglikana akafuata kwa kudai vyama vingi. Kifungu cha 2A, kilichoifanya Kenya nchi ya chama kimoja kisheria, kilifutwa Desemba 1991.

“Maandiko yamesema tutii mamlaka, basi imekwisha”

Haijaisha, kwa kuwa Warumi 13 si kitabu kizima. Askofu David Gitari, naye Mwanglikana, alikuwa na desturi ya kufungua Biblia na kuhubiri hatua kwa hatua mambo yaliyomo: Danieli mbele ya wafalme, au Nabothi aliyeuawa ili shamba lake la mizabibu lichukuliwe na mfalme Ahabu. Kenya ilikuwa imejaa wanyang'anyi wa ardhi. Waumini hawakuhitaji kutafsiriwa ni nani Ahabu. Baada ya kupinga uchaguzi wa mlolongo wa 1988, ambapo wapiga kura walijipanga foleni nyuma ya wagombea au mawakala wao hadharani, genge liliivamia nyumba yake usiku mmoja wa Aprili 1989. Alinusurika kwa kupanda juu ya paa.

Na ndugu zetu Waislamu wana hadithi ya Mtume inayolitaja neno la haki mbele ya mtawala dhalimu kuwa miongoni mwa jihadi zilizo bora kabisa. Mwenye kutaka unyamavu autafute kwingine.

“Katiba imekataza”

Kilichokatazwa ni kingine. Kifungu cha 8 cha Katiba ya 2010 kinasema hakuna dini ya taifa. Kifungu cha 91 kinakataza chama cha siasa kuundwa kwa msingi wa dini, kabila au eneo. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba muumini akifika kwenye baraza aiache imani yake mlangoni.

“Ukiifungulia moyo imani ya mwenzako, yako italegea”

Hii huwa inasemwa kwa hofu ya kweli, hivyo siidharau. Lakini tazama Ufungamano. Desemba 1999, uandishi wa katiba mpya ulikuwa umekwama mikononi mwa wanasiasa. Makanisa ya Kiprotestanti chini ya Baraza la Kitaifa la Makanisa, NCCK, maaskofu wa Katoliki, Baraza Kuu la Waislamu SUPKEM, Baraza la Wahindu na wengineo waliketi pamoja katika jumba la Ufungamano, Nairobi, wakaunda tume ya wananchi ikiongozwa na Oki Ooko Ombaka. Bunge nalo lilikuwa na tume yake chini ya Profesa Yash Pal Ghai. Ghai ndiye aliyesisitiza kwamba katiba haiwezi kuandikwa na upande mmoja, na 2001 tume hizo mbili zikaunganishwa. Shekhe hakugeuka Mkristo, wala askofu hakusilimu. Kila mmoja alibaki na kibla chake, na kwa kuwa walikuwa pamoja serikali haikuweza kusema hilo ni kanisa fulani au kabila fulani linaleta fujo.

Kuna uwazi mwingine usio wa mikutano. Novemba 2014, karibu na Mandera, wapiganaji wa Al-Shabaab kutoka Somalia walisimamisha basi, wakawatenga wasio Waislamu na kuwaua 28. Desemba 2015 walisimamisha basi jingine huko El Wak wakitaka abiria wajitenge vivyo hivyo. Waislamu waliokuwamo wakakataa. Salah Farah, mwalimu, alipigwa risasi akiwa kati ya waliokataa, na akafariki Januari 2016. Sijui namna ya kuzungumzia imani iliyolegea nikikumbuka basi lile.

“Sala ni ya wanaokwepa kazi”

Hili nawaelekezea wenzangu wa maandamano. Bango humshikilia mtu kwa saa tatu tu. Lakini mtu akikaa chini ya kanisa mwezi wa pili, wa tano, wa tisa, magazeti yamekwisha kumsahau na mwanawe angali jela, ni nini kinachomwamsha? Mnawapanga watu kwa siku ya kutoka barabarani tu. Wale akina mama walikuwa na cha kuwashika siku zilizobaki.

“Zamani viongozi wa dini walikuwa majasiri wote”

Si kweli, na uongo huu unatuumiza kuliko mingine, maana unatufanya tungoje mashujaa warudi. Hata wakati wa Rais Moi yapo makanisa yaliyoiunga mkono serikali waziwazi huku wenzao wakipigwa. Askofu Alexander Muge wa Eldoret alitishwa hadharani na waziri kwamba akikanyaga Busia huenda asitoke hai. Alikwenda, na Agosti 14, 1990 akafa katika ajali ya barabarani akirudi. Wengi walimlilia baada ya kifo kuliko waliosimama naye akiwa hai.

Kisha ukaja uchaguzi wa 2007. Maaskofu na wachungaji walijipanga nyuma ya wagombea kwa kufuata makabila yao, wengine wakiwabariki na kuwatabiria ushindi. Damu ilipoanza kumwagika hapakuwa na sauti ambayo pande zote zingeisikiliza. Tarehe 1 Januari 2008 kanisa la Kiambaa, karibu na Eldoret, lilichomwa moto likiwa na watu waliokimbilia humo, wanawake na watoto wengi. Februari NCCK iliomba radhi hadharani kwa kuegemea upande. Naiheshimu radhi ile, lakini mlango wa kanisa ulikuwa umekwisha kuwa wa kabila.

Hata meza ya Ufungamano haikudumu. Katika kura ya maoni ya Agosti 4, 2010, viongozi wengi wa makanisa walipinga rasimu ya katiba mpya kwa sababu ya kipengele cha uavyaji mimba na kwa sababu ya mahakama za kadhi, ambazo zilikuwamo katika katiba tangu uhuru. Waislamu walioketi nao meza moja waliumia. Wakenya, wengi wao Wakristo, wakaipitisha katiba kwa takriban asilimia 67.

“Mheshimiwa akichangia kanisa, ndio ushirikiano wenyewe”

Nimekaa benchi la nyuma siku ya harambee kama hiyo. Magari sita uwanjani. Ibada ikakatwa katikati ili mgeni apate nafasi, kipaza sauti kikatoka mkononi mwa mhubiri kikaingia mkononi mwake. Akataja kiasi cha fedha kwanza, jina la Mungu baadaye. Kwaya iliimbishwa tena alipokuwa akienda. Jumapili iliyofuata palikuwa na barabara yetu iliyosombwa na mvua ya kuzungumzia, na hakuna aliyethubutu kuitaja mimbarini.

Bahasha ile hainunui mabati peke yake. Ndiyo maana vijana walioandamana Juni 2024 kupinga Mswada wa Fedha walizikasirikia pia sadaka za wanasiasa. Askofu Mkuu wa Kianglikana Jackson Ole Sapit alikuwa amekwisha kuwazuia wanasiasa kuhutubia makanisani mwake tangu Septemba 2021. Novemba 2024 Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi alirudisha mchango wa rais uliotolewa katika kanisa moja la Soweto. Nilisoma tamko lile mara mbili. Lilinipa nguvu.

“Sisi wadogo hatuna la kufanya”

Kila Kwaresima, Tume ya Haki na Amani ya maaskofu wa Katoliki hutoa kijitabu cha kampeni, na jumuiya ndogo ndogo hukisoma nyumba kwa nyumba kwa hatua tatu: kuona, kupima, kutenda. Mwaka mmoja jumuiya yetu ilipofika kwenye kuona, tukaanza na zahanati isiyokuwa na dawa. Jirani yetu Mwislamu, mama aliyekuja kumchukua mjukuu, alisikia kutoka mlangoni. Akaenda kwake akarudi na daftari la shule. Alikuwa ameandika kila siku aliyorudishwa bila dawa ya presha, tarehe kwa tarehe, kwa kalamu ya risasi: mara 19.

Kifungu cha 196 kinalitaka bunge la kaunti lishirikishe umma katika shughuli zake. Tulikwenda kwenye kikao cha bajeti, Wakristo na Waislamu, tukiwa na ukurasa mmoja na nakala ya daftari lile. Karani alitaka kutuambia muda umekwisha. Mama akamwomba asome tarehe tu. Alizisoma kwa sauti, zote 19, ukumbi ukiwa kimya, kisha akagonga muhuri kwenye nakala yetu. Dawa zimeanza kufika, si kila mwezi. Mama angali anaandika, na Alhamisi tunakutana kwake, baada ya Magharibi.