Mke Anatoka kwa Bei Gani? Talaka Tunisia, Misri na Morocco

Anayelinganisha mageuzi ya sheria za familia katika nchi za Waislamu mara nyingi huanza na mitala, kwa kuwa ndiyo inayozua mabishano. Mimi huanza na talaka, kwani hapo ndipo inapoonekana dola imegusa mamlaka ya mume kwa kiasi gani, na mke hulipa nini ili atoke.

Tunisia ilikwenda mbali mapema. Sheria iliyotangazwa Agosti 1956, chini ya Waziri Mkuu Habib Bourguiba, iliharamisha mitala, na kifungu chake cha 30 kikaamuru kuwa hakuna talaka ila mbele ya mahakama. Mume au mke anayetaka kuachana bila sababu hupata talaka yake, lakini hutozwa fidia.

Misri ilimwachia mume talaka yake, kisha kwa Sheria Na. 1 ya mwaka 2000 ikampa mke khului, yaani kujivua katika ndoa kwa malipo, isiyohitaji ridhaa ya mume. Mke hutamka mahakamani kwamba anayachukia maisha na mumewe na anachelea kutoitimiza mipaka ya Mwenyezi Mungu. Wasuluhishi hupewa muda usiozidi miezi mitatu. Wakishindwa, hakimu huivunja ndoa, na hukumu hiyo haikatiwi rufaa. Watetezi wa sheria hiyo walishika hadithi ya mke wa Thabit bin Qays, sahaba wa Mtume, aliyeachika kwa kurudisha bustani aliyopewa kuwa mahari, hadithi iliyotegemewa pia na Mahakama ya Juu ya Pakistan mwaka 1967. Hoja hiyo naiona nzito. Linalonisumbua ni bei: mke hurudisha mahari aliyopokea, na husamehe mahari yaliyoahirishwa, matunzo ya eda na kiliwazo (malipo ya kumfariji mke aliyeachwa), kiasi kwamba mlango uliofunguliwa kwa wote humfaa zaidi mwenye akiba. Malezi ya watoto na matunzo yao tu ndiyo hayaruhusiwi kutolewa badala ya talaka.

Ndiyo maana naupendelea utaratibu wa Morocco wa mwaka 2004. Mke akidai shiqaqi, yaani mfarakano uliowashinda wasuluhishi, mahakama hutakiwa kuamua ndani ya miezi sita, bila yeye kulazimika kurudisha mahari. Mume naye huomba idhini ya kutaliki, kisha huweka mahakamani haki za mke na watoto ndani ya siku 30. Asipoweka, huhesabiwa kuwa ameghairi, na ndoa inaendelea.