Je, wajua kwa nini "soseji" za Kakheti hazina nyama?

Ukitoka Tbilisi kuelekea Kakheti, mkoa wa mizabibu mashariki mwa Georgia (ile ya Kaukazi, si jimbo la Marekani), utaona vibanda vya barabarani vimetundikwa vitu virefu vya kahawia, vyenye manundu. Mimi niliapa ni soseji. Mwenzangu akashikilia ni mishumaa. Kumbe ni churchkhela: jozi (kokwa ziitwazo walnut kwa Kiingereza) zilizotungwa uzini kama shanga, zikavikwa maji ya zabibu yaliyoganda.

Nikakosea mara ya pili papo hapo. Kwa kuwa ni tamu, nikajua gamba lile ni sukari iliyoyeyushwa ikagandishwa, kama ya kashata. Lakini kashata huvunjika kwa mlio. Churchkhela hupindika na kutafunika polepole. Ndugu yake hasa ni halua ya Zanzibar, na undugu wenyewe ni wa wanga. Utamu ni wa zabibu. Kinachoshika ni unga wa ngano.

Wakati wa rtveli, yaani mavuno ya zabibu ya vuli, maji ya zabibu huchemshwa yapungue, kisha hukorogewa unga. Punje ya wanga kwenye maji baridi hukaa tu. Ikipata joto hunywa maji, hufura, husukumana na jirani zake mpaka maji yanakosa njia ya kupita. Aliyewahi kusonga uji anaijua dakika ile mwiko unapokuwa mzito ghafla. Uji huu wa zabibu, tatara, ukiwa mwepesi huchuruzika wote chini; ukiwa mzito mno huacha madonge. Ukiwa sawa, uzi wa jozi huchovywa, hutundikwa ukauke, huchovywa tena. Zabibu nyeupe za Rkatsiteli hutoa rangi ya asali, Saperavi hutoa nyekundu iliyokolea.

Ikikaa sana hutoka unga mweupe juu. Mara nyingi ni sukari ya zabibu iliyojitokeza, si ukungu. Ila ikiota manyoya, itupe. Wauzaji husimulia kwamba wapiganaji wa kale waliibeba vitani. Kwa namna isivyoharibika upesi, hadithi inaingia akilini, ingawa kuingia akilini si ushahidi.

Uzi, kwa njia, huvutwa nje kabla ya kula. Wangu niliutafuna.