Kigoma hatukufungiwa ndani, na saa za simu hazisemi mnachodhani

Juzi nilipita kijiwe cha kahawa pale Ujiji. Nikamwamkia mzee mmoja ninayemheshimu sana, na kabla sijakaa akanishika mkono: "Marahaba mwanangu. Wewe mtu wa takwimu, waandikie watu. Ile lokidauni ya korona ndiyo iliyotuharibia watoto, hawabanduki kwenye simu."

Nikamuuliza, "Baba, lokidauni ipi?"

Mwezi huu kauli hiyo nimeisikia kwa mwalimu, kwa mwenye duka la vifaa vya simu na kwa kijana aliyekuwa anaandika utafiti wake wa chuo. Imenichosha, kwa sababu inabeba makosa mawili, na la pili ndilo baya zaidi.

La kwanza nalimaliza haraka. Tanzania hatukufungiwa ndani. Shule zilifungwa 17 Machi 2020, vyuo vikafuata kesho yake. Wa vyuo na kidato cha sita walirudi 1 Juni, shule nyingine 29 Juni. Masoko hayakufungwa, misikiti na makanisa hayakufungwa. Wenzetu wa Rwanda walizuiwa kutoka kuanzia 21 Machi, Wakenya wakawekewa amri ya kutotoka usiku. Sasa ukichukua matokeo ya London au Kigali ukayamwaga Mwanga sokoni, hapa Kigoma mjini, unaeleza maisha ambayo hatukuyaishi.

Kule walikofungiwa kweli, simu ilichukua nafasi ya safari. Marekani, mwanzoni mwa Aprili 2020, kampuni ya Verizon ilisema watu wanapiga simu milioni 800 kwa siku ya kazi, na mazungumzo yamerefuka kwa asilimia 33. Mtu anayekaa sehemu moja haichungulii simu mara kwa mara kama aliye kwenye daladala. Anaishika mara chache, lakini akiishika anakaa nayo. Hayo nayakubali.

Kosa la pili ni kipimo chenyewe, na hapa naomba tukae kidogo.

Kila badiliko ni badiliko kutoka mahali fulani. Zile ripoti za Google za mienendo ya watu, zilizotazama simu ziko wapi na zilizoanza kutoka Aprili 2020, zililinganisha kila siku na namba ya kati ya siku kama hiyo ya wiki, kati ya 3 Januari na 6 Februari 2020. Jumatatu kwa Jumatatu, Ijumaa kwa Ijumaa. Kwa mji wa watu wa ofisini sina ugomvi. Lakini kichukue kipimo cha namna hiyo ukilete mwaloni Kibirizi, hapa Kigoma, mitumbwi ya uvuvi inakotia nanga. Mvuvi wa dagaa haendi kwa Jumatatu, anaenda kwa mwezi. Dagaa hufuata taa gizani, na mbalamwezi ikiwaka taa hazina kazi, mitumbwi inapumzika na watu wanalala nyumbani. Mwezi ulikuwa mpevu 10 Januari, ndani ya zile siku za kulinganishia, ukawa mpevu tena 8 Aprili, siku ambazo dunia nzima ilikuwa inatazama korona tu. Mtu aliye mbali akiona simu za Kibirizi zimetulia nyumbani wiki ile, ataandika kwamba watu wameogopa ugonjwa. Walikuwa wanasubiri giza!

Bado sijamaliza na hiyo Januari. Kuanzia tarehe 20 laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilianza kuzimwa. Mliokuwepo mnaikumbuka ile foleni. Huo ndio mwezi tunaoambiwa ndio hali ya kawaida.

Tuje kwenye saa. Juni 2020 nilikaa na dada yangu Mwanga tukapitia simu yake, ile yenye ufa kwenye kona ya kioo. Ilionesha saa saba na dakika ishirini kwa siku moja. Ukiiweka kwenye jedwali unapata mama mmoja aliyezama. Tukaenda saa kwa saa. Asubuhi shemeji alikuwa anaulizia bei ya mzigo. Mchana watoto wawili, mmoja anapiga picha maswali yaliyotumwa na mwalimu ayanakili kwenye daftari, mwingine anacheza gemu akisubiri zamu. Jioni jirani aliazima kuongea na mwanawe aliyeko Kasulu. Dada mwenyewe aliishika baada ya saa sita usiku, kwa sababu bando la usiku ndilo alilolimudu. Watafiti wengi wangeiandika saa ile kuwa dalili ya kukosa usingizi. Dada yangu analala vizuri tu, analala akishamaliza bando.

Simu moja, watu watano. Kabla hujaniambia saa ngapi, niambie ilikuwa mkononi mwa nani.

Kuna kitu kinanisumbua mimi mwenyewe. Nilitegemea shule zikifunguliwa zile saa za mchana zitashuka. Kwa dada yangu zilishuka wiki mbili, zikarudi, ila zimehamia jioni. Huenda shule kufungwa kuliwafundisha watoto njia ambayo hawakuisahau. Huenda ni simu ya pili iliyoingia nyumbani Agosti. Kwa kumbukumbu nilizonazo hayo mawili siwezi kuyatenganisha, na anayesema ameyatenganisha kwa dodoso la "unatumia simu saa ngapi kwa siku" simwamini, maana watu hukisia vibaya mno wakiulizwa hivyo.

Basi pale kijiweni nikamwomba mzee tuitazame hiyo simu ambayo mjukuu habanduki. Akaitoa kwenye mfuko wa kanzu. Ni yake. Tukafungua ukurasa wa matumizi: saa nne na dakika kumi kwa jana. Saa mbili na dakika arobaini zilikuwa za programu ya Qur'ani, alfajiri, kioo kikiwaka pembeni ya mswala. Mjukuu alikuwa na hamsini, za katuni, baada ya magharibi.

Hakubishana. Aliniomba nimwoneshe tena taratibu jinsi ya kuufikia ukurasa ule, akamwita muuza kahawa ampe kalamu, ili Jumamosi wajukuu wote wakija aandike nani kaishika, kuanzia saa ngapi.