Hakusubiri kamera nyepesi

Wengi hudhani wanawake waliingia kwenye upigaji picha wa habari baada ya kamera kuwa ndogo za kubeba mkononi. Si kweli. Jessie Tarbox Beals, aliyekuwa mwalimu wa shule, aliajiriwa na magazeti ya Buffalo, Marekani, mwaka 1902. Kamera yake ilinasa picha kwenye vioo vya inchi 8 kwa 10, na mzigo wote ulikaribia kilo 23. Aliubeba akiwa na sketi ndefu na kofia pana.

Mwaka 1903 waandishi walizuiwa kupiga picha kwenye kesi ya mauaji. Beals alipanda juu ya kabati la vitabu na kupiga picha kupitia kidirisha kilichokuwa juu ya mlango. Nani atasema kazi hiyo ilimshinda mwanamke?

Mwaka 1905 alihamia New York, akapiga picha za mitaa, vyumba vya maskini na wasanii wa mtaa wa Greenwich Village. Mumewe, Alfred, ndiye alikuwa msaidizi wake, akisafisha picha kwenye chumba cha giza. Beals alifariki 1942, akiwa hana kitu.