Taa ya kipimo cha kumeza mpira: yasemwayo na yalivyo

Mtu akiandikiwa kipimo cha kumeza mpira (endoskopi, yaani mpira mwembamba wenye mwanga na kamera unaopitishwa mdomoni kuangalia tumbo), awe Unguja au Pemba, hutishwa na jamaa zake kabla hata hajapangiwa siku. Vitisho vingi ni vya taa.

"Wanakutia globu tumboni, inaunguza." Zamani lilikuwapo jambo. Mwaka 1879 Maximilian Nitze alitengeneza chombo cha kuangalia kibofu chenye waya wa platinamu unaowaka kwenye ncha, na ikabidi waya huo upozwe kwa maji. Siku hizi globu imo kwenye sanduku pembeni ya kitanda. Mwanga hupita ndani ya mpira kwa maelfu ya nyuzi za kioo, kama intaneti inavyopita kwenye mkongo wa baharini. Joto kubwa hubaki huko sandukuni likipozwa kwa feni. Vipo vyombo vipya vyenye taa ndogo za LED kwenye ncha yenyewe, na hizo wati zake ni chache.

"Basi ni mwanga baridi, hauunguzi kabisa." Hii ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi, maana wanaoisema ni wahudumu wenyewe. Kwenye upasuaji wa matundu madogo, ambao nao hutumia sanduku la taa, waya wa nyuzi unaoleta mwanga ukichomolewa kwenye darubini inayoingizwa mwilini huku taa inawaka, kisha ukalazwa juu ya shuka la mgonjwa, shuka linaweza kutoboka na ngozi ikaungua. Taa izimwe kwanza, au ipunguzwe.

"Ni mionzi." Siyo. Ni mwanga wa kuonekana kwa macho. Eksirei ni kitu kingine.

"Picha ikiwa na kiza, kamera imekufa." Mara nyingi kamera haina kosa. Globu ya zenoni, yaani yenye gesi ya jina hilo, aghalabu ya wati 300, huanza kufifia kabla haijaungua, na kawaida hutakiwa kubadilishwa baada ya saa 500 hivi. Au nyuzi zimekatika. Chomoa waya wa mwanga kwenye sanduku, elekeza ncha moja dirishani, tazama ncha ya pili: kila kidoa cheusi ni nyuzi zilizokatika. Usitazame hivyo ukiwa umeunganishwa na taa inayowaka!

Wati nazo si kila kitu. Globu ya halojeni, aina nyingine, ina mwanga wa manjano, kiasi cha kelvini 3,200 (kelvini hapa hupima rangi ya mwanga: zikizidi, mwanga huwa mweupe zaidi), na zenoni hukaribia 6,000, kama jua la mchana. Daktari anayetafuta wekundu kwenye utando wa tumbo anahitaji weupe huo. LED huutoa kwa umeme mdogo na hudumu maelfu ya saa, kwa hiyo visiwani, ambako kipuri husubiri meli au ndege, mimi ningenunua LED.

"Skrini imegeuka rangi, wamenimwagia dawa." Pengine daktari amebonyeza kitufe tu. Mwanga hubaki wa rangi mbili tu, buluu na kijani (mawimbi ya nanomita 415 na 540), ambao damu huufyonza sana, na mishipa midogo hujitokeza.

"Umeme ukikatika, mpira utakwama." Aliyekuwa Unguja kwenye kiza cha Disemba 2009 hadi Machi 2010, umeme ulipokatika miezi mitatu, ana haki ya kuuliza. Mpira haukwami, daktari huutoa kwa mkono, taratibu. Ila globu ya akiba iliyomo kwenye masanduku mengi ya zenoni husaidia globu kubwa ikiungua, si umeme ukiondoka. Hapo inatakiwa betri ya kushikilia mpaka jenereta liwake, na mgonjwa anaruhusiwa kuuliza kama ipo.